AKILI NI MOTO
Hoja juu ya maarifa yanayofichwa makazini

Waganda husema kwamba akili ni moto. Ukikuzimikia, huenda kuuchukua kwa mwenzako. Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Mengo tumeisikia methali hiyo mara nyingi, na kila tuisikiapo twaona uzuri wake. Atoaye kaa la moto hapungukiwi na kitu: jiko lake labaki likiwaka, na la jirani nalo limewaka. Lakini ndani ya methali hiyo mna sharti lisilotajwa. Ili moto uchukuliwe, yapasa mlango wa jirani uwe wazi, na yapasa jirani mwenyewe awe na hakika kwamba kaa lake halitarudi usiku kumchomea paa.

Sharti hilo lisilotajwa ndilo tunalotaka kulijadili leo.

Katika mikutano ya wakuu wa shule, ya wakurugenzi wa idara na ya mameneja wa makampuni, liko lalamiko moja ambalo limekuwa kama kiitikio cha wimbo. Husemwa kwamba wafanyakazi wetu ni wachoyo wa maarifa. Fundi ajuaye siri ya mtambo hamfundishi kijana. Karani ajuaye liliko faili hamwonyeshi mwenzake. Mwalimu mkongwe hustaafu na nukuu zake zote kwapani. Baada ya lalamiko huja dawa: semina ya siku mbili, waraka wa kuwahimiza watu wawe na moyo wa kushirikiana, fomu ya kujaza, na siku hizi kompyuta ya kuwekea yale yanayoitwa maarifa ya taasisi. Semina hufungwa kwa sala na chakula cha mchana, na kesho yake kila mtu hurudi kwenye kabati lake na kulifunga kwa kufuli lilelile.

Sisi twasema kwamba wagonjwa wamepimwa vibaya, ndiyo maana dawa haifanyi kazi. Uchoyo upo duniani, hatukatai. Lakini mahali pa kazi ambapo watu kumi kati ya kumi wanaficha wanachokijua, uchoyo hautoshi kuwa maelezo. Haiwezekani wachoyo wote wa mji wakaajiriwa na ofisi moja. Yupo aliyewafundisha kuficha, naye mara nyingi ndiye huyohuyo anayelalamika.

SWALI LA MZEE MMOJA

Tutoe mfano tunaoufahamu wenyewe. Palikuwa na shule moja, ambayo hatutaitaja, na mwalimu mmoja, ambaye pia hatutamtaja, aliyefundisha Kiswahili humo kwa muda wa karibu miaka thelathini. Mwalimu huyo alijua jambo ambalo wengi wetu hatukulijua. Alijua kwamba mtoto wa Kiganda haingii darasani akiwa mtupu. Ngeli anazo tayari kinywani tangu kuzaliwa, ila hajaambiwa kwamba anazo. Basi alikuwa ametengeneza chati ambayo upande mmoja iliandikwa omuntu na abantu, na upande wa pili mtu na watu. Omuti na emiti, mti na miti. Ekitabo na ebitabo, kitabu na vitabu. Kisha, kwa wino mwekundu, alionyesha mahali ambapo ndugu hawa wawili wanaachana njia, na mahali ambapo ulimi wa mtoto utateleza: l na r, na ile h ambayo Kiganda hakina. Watoto wake walishika upatanisho wa kisarufi kwa majuma machache. Watoto wetu sisi walihangaika nao mwaka mzima.

Alipostaafu, aliondoka na chati yake. Kijana aliyeshika nafasi yake alianza upya kabisa, kama kwamba hapajawahi kuwa na mtu darasani mle. Mkuu wa shule alisema katika kikao kwamba mzee yule alikuwa mchoyo, na sisi tuliokuwapo tukaitikia kwa vichwa. Tunaliandika jambo hili kwa aibu.

Miezi kadhaa baadaye tulimwendea nyumbani. Alitukaribisha chai, akatuuliza habari za watoto mmoja mmoja kwa majina. Tulipomwomba ile chati, hakukataa. Aliuliza tu, "Mtaandika jina la nani?"

Hapo ndipo tulipojua. Miaka mingi nyuma, alipokuwa kijana, alikuwa amempa mkuu wake wa wakati ule mazoezi aliyoyatunga kwa muda wa miaka mitatu. Baadaye aliyaona yamepigwa chapa katika kijitabu, na juu ya jalada limo jina la mkuu. Hakushitaki. Angeshitaki kwa nani? Alinunua mkoba, na tangu siku hiyo nukuu zake zilikuja shuleni naye asubuhi na kuondoka naye jioni.

Je, huyo ni mchoyo? Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Mtu huyu alikuwa mkarimu akanyang'anywa. Kisha akaitwa mchoyo kwa sababu hakukubali kunyang'anywa mara ya pili.

USHAHIDI WA KILIMA CHA NAMIREMBE

Huenda msomaji akasema kwamba kisa kimoja si hoja. Vema. Basi na tupande kilima cha Namirembe, kilicho jirani yetu, tuitazame Hospitali ya Mengo.

Hospitali hiyo ilianzishwa mwaka 1897 na Albert Cook, daktari wa misioni ya CMS, aliyefika Mengo mwaka huohuo pamoja na msafara uliotoka pwani. Katika msafara huo alikuwamo muuguzi Katharine Timpson, ambaye baadaye walioana. Mengi yameandikwa juu ya watu hao wawili, lakini sisi lituvutialo ni jambo dogo ambalo wengi hulipita. Tangu mwanzo, madaktari wa Mengo waliandika habari za wagonjwa wao: mtu alitoka wapi, alilalamika nini, alionekana na nini, alitibiwa vipi, na mwisho wake ulikuwaje. Ndugu yake Cook, Dakta Jack Cook, alipojiunga naye aliiendeleza desturi hiyo, na waliowafuata wakaiendeleza pia. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mengo walikuwa na daftari.

Zaidi ya miaka 60 baadaye, Profesa J. N. P. Davies wa Makerere na wenzake waliyafungua madaftari hayo, wakayachambua tangu mwaka 1897 hadi 1956, wakachapisha matokeo yao mwaka 1964 katika jarida kubwa la madaktari wa Uingereza. Kutokana na kazi hiyo iliwezekana kujua, kwa ushahidi wa maandishi, saratani zilizowapata watu wa sehemu hii tangu mwanzo wa karne. Dhana iliyokuwa imezoeleka, kwamba saratani ni ugonjwa usiowahusu sana Waafrika, ikakosa mguu wa kusimamia. Na tuangalie jambo jingine: katika orodha ya waandishi wa makala hiyo yamo majina ya Mtimavalye na Owor, Waafrika wawili, yaliyochapwa pamoja na ya wakubwa wao. Hakuna aliyewaambia kwamba kazi yao ni kupekua madaftari tu na sifa itakwenda kwa profesa.

Wakati uleule alikuwapo Kampala daktari wa upasuaji, Denis Burkitt, aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mulago. Mwaka 1957 mwenzake, Dakta Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto mmoja aliyevimba taya kwa namna ya ajabu. Hebu tusimame hapo kidogo. Trowell alikuwa bingwa mwenye sifa. Angeweza kukaa kimya asionekane kwamba amekutana na jambo asilolijua. Badala yake alimwita mwenzake akamwonyesha. Kisa kizima kilianzia hapo, katika mtu mkubwa asiyeona haya kusema, "Njoo uone, mimi sielewi."

Mwaka 1958 Burkitt aliandika juu ya uvimbe huo. Kisha alitaka kujua unapatikana wapi katika Afrika na wapi haupatikani. Hakuwa na mamlaka juu ya hospitali yoyote nje ya kituo chake. Hakuweza kumwamuru mtu. Alipata msaada mdogo wa fedha, akapeleka kwa barua picha na maswali mafupi kwa mamia ya hospitali za serikali na za misioni. Mwaka 1961 yeye mwenyewe, pamoja na Dakta Ted Williams wa Kuluva katika West Nile na Dakta Cliff Nelson, walisafiri kwa gari muda wa majuma 10, mwendo wa maili 10,000 hivi, wakizitembelea hospitali zaidi ya 50 mashariki na kusini mwa Afrika. Waliingia wodini, wakauliza, wakasikiliza, wakatia alama kwenye ramani. Madaktari wa vijijini ambao hakuna aliyewahi kuwauliza neno waliwapa walichokijua. Mwaka 1961 huohuo Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo Anthony Epstein. Burkitt akawa anampelekea vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Uganda. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walitangaza kwamba wamekiona kwa hadubini kirusi, ambacho ndicho cha kwanza kujulikana kuwa kinahusiana na saratani ya binadamu.

Ni maarifa ya nani hayo? Ni ya Burkitt, na ya Trowell aliyemwita, na ya madaktari wa hospitali zile hamsini na kitu, na ya waliotunza madaftari. Na yote yalipita mkononi mwa mtu asiyeweza kumfukuza wala kumpandisha cheo hata mmoja wa wale aliowauliza. Wanaoamini kwamba maarifa hupatikana kwa waraka wa kuamuru na wakitafakari kisa hiki.

HOFU NI KUFULI

Twafahamu pia utafiti wa nchi nyingine unaosema vivyo hivyo. Katika miaka ya 1990, mtafiti Amy Edmondson wa Marekani alichunguza makosa ya kutoa dawa katika wodi za hospitali. Alitazamia kwamba wodi zenye uongozi mwema na ushirikiano zitakuwa na makosa machache. Takwimu zikamwonyesha kinyume: wodi hizo ndizo zilizoandikisha makosa mengi zaidi. Alipochunguza alipata maelezo. Katika wodi zenye uongozi mwema wauguzi hawakuogopa kusema walipokosea, na kwa hiyo makosa yao yalijulikana na kuzungumzwa. Katika wodi za ukali makosa yalifichwa. Mkuu wa wodi ya ukali angeweza kujisifu kwa daftari safi, na usafi wa daftari hilo ungekuwa hatari kwa mgonjwa.

Naye Edwards Deming, ambaye mafundisho yake yalisaidia kuvijenga viwanda vya Japani baada ya Vita Kuu vya Pili, aliweka katika kanuni zake 14 za uongozi kanuni ya kuiondoa hofu mahali pa kazi. Hakuitaja kama pambo la adabu. Aliitaja kwa sababu mfanyakazi mwenye hofu hamwambii mkuu wake kwamba mtambo umeharibika.

Tugeukie basi vyumba vyetu vya walimu. Ni wangapi kati yetu wanaothubutu kusema mbele ya mkuu, "Somo la jana lilinishinda, watoto hawakuelewa vishazi tegemezi"? Wachache mno. Mkaguzi akija, azimio la kazi limejazwa lote, maandalio yamepigwa mihuri, na kila kipindi kimeandikwa kwamba kimekwenda vizuri. Madaftari yetu ni masafi. Watoto ndio wanaolipa gharama ya usafi huo.

MGANGA ASIYE NA JINA

Uko upande mwingine wa historia ya Uganda ambao yatupasa kuusema bila kumung'unya maneno. Mwaka 1879 Robert Felkin, Mwingereza, alishuhudia huko Kahura katika Bunyoro mganga mwenyeji akimpasua mama mjamzito na kumtoa mtoto. Kabla ya kupasua, mganga alinawa kwa pombe ya ndizi akalisafisha nalo tumbo la mgonjwa kwa pombe hiyohiyo. Damu aliizuia kwa chuma cha moto. Jeraha alilifunga kwa pini za chuma na nyuzi za gome la mti. Mama alipona, na mtoto akaishi. Ulaya wakati huo upasuaji wa namna hiyo uliwaua mama wengi. Felkin aliandika alichokiona, na mwaka 1884 maelezo yake yalichapishwa Edinburgh. Mpaka leo wanafunzi wa historia ya tiba huyasoma.

Jina la Felkin limebaki. Jina la mganga liko wapi? Mkono uliokuwa na ujuzi umesahaulika. Kalamu iliyoutazama mkono imekumbukwa. Na hata katika Mengo, tusiseme kwamba palikuwa peponi. Wasaidizi wa Kiganda waliofunga vidonda na kutafsiri maneno ya wagonjwa hawajulikani kama wanavyojulikana madaktari wao. Walakini Mengo walifanya jambo moja la kuigwa. Shule ya wakunga ya Lady Coryndon ilipofunguliwa mwaka 1921, wasichana wa nchi hii walifundishwa humo kazi ya ukunga, na Cook na mkewe wakawatungia kitabu cha ukunga kwa Kiganda. Mtu hufunzwa vema, na huuliza vema, katika lugha ambayo haimfanyi aonekane mjinga. Walimu wa lugha hatuhitaji kuelezwa maana ya jambo hilo.

Mwaka 1911 Frederick Taylor wa Marekani alieleza katika kitabu chake mashuhuri kwamba wafanyakazi wa viwandani hufanya kazi polepole kwa makusudi na kumficha tajiri kasi yao halisi. Alikiri pia sababu: wakionyesha kwamba wanaweza kufanya zaidi, malipo ya kila kipande hupunguzwa. Hata Taylor, ambaye hakuwa rafiki wa vyama vya wafanyakazi, aliona kwamba kuficha kule kulikuwa na akili ndani yake. Wakuu wetu wa leo wamekuwa vipofu kuliko Taylor.

HOJA ZA WAPINZANI WETU

Watasema wengine kwamba kuficha ni desturi yetu ya asili. Kwamba ufundi wa zamani ulikuwa siri ya ukoo. Ni kweli kwamba katika Buganda kazi nyingi za ufalme zilikabidhiwa koo maalumu. Kuezeka nyumba kubwa ya makaburi ya Kasubi, kwa mfano, ni kazi ya ukoo wa Ngeye. Lakini hebu tulitazame jambo hilo kwa makini. Ndani ya ukoo maarifa hayakufichwa: kijana alipanda paa pamoja na mkubwa wake, akashika nyasi, akakosea, akaelekezwa. Alijua kwamba anachokijua mkubwa kitakuwa chake, na mkubwa alijua kwamba jina lake litatajwa. Ukoo ulikuwa taasisi ya kuaminiana. Makaburi yale yalipoungua tarehe 16 Machi 2010, walikuwapo bado watu waliojua kuezeka. Ujenzi ulichukua miaka mingi kwa sababu mbalimbali, na mwaka 2023 UNESCO ikayaondoa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Je, ofisi zetu zikiungua kesho, nani atakumbuka namna ya kuziezeka?

Wengine watatukumbusha kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Watasema ukimpa mtu jina na sifa atavimba kichwa. Sisi twajibu kwamba methali hiyo yaonya juu ya sifa ya bure, haikuamuru kwamba tembo la mgema mmoja liuzwe kwa jina la mwingine. Mafundi wa mashine za kunakili wa kampuni ya Xerox, katika miaka ya 1990, walikuwa na utaratibu wa kupelekeana madokezo ya kazi. Kila dokezo lilikaguliwa na mafundi wenzao, kisha likatolewa na jina la aliyelitunga. Jina tu. Na madokezo yalimiminika.

Wengine, hasa wenzetu walimu, watasema: tupewe mshahara kwanza, ndipo mtuulize habari za maarifa. Hao hatuwabezi. Mtu mwenye njaa hushika alicho nacho, na mara nyingi alicho nacho ni kile tu anachokijua yeye peke yake. Akikitoa, hana tena cha kumzuia asiachishwe kazi. Mkuu anayetaka mfanyakazi afungue mkono na aanze kwa kumhakikishia kwamba mkono uliofunguliwa hautakatwa. Mshahara wa haki ni sehemu ya uaminifu, si kitu kilicho nje yake.

FUNZO LA WASHAIRI WETU

Nasi wapenzi wa Kiswahili tunayo sababu ya peke yetu ya kulishika jambo hili. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambayo leo tunayafundisha kama lulu, yangaliweza kupotea. Yalihifadhika kwa sababu Mwalimu Sikujua, mtu wa Mombasa, aliyakusanya vinywani mwa waliokuwa wakiyakumbuka, akamkabidhi mmisionari W. E. Taylor, wakayafafanua pamoja. Kutoka hapo ndipo tulipopata diwani iliyotolewa na Hichens mwaka 1940, na kitabu cha Mohamed Abdulaziz cha mwaka 1979. Sikujua angeweza kumtilia shaka mgeni yule. Alimwamini, na jina la Sikujua limetajwa.

Wanavyuoni wa pwani nao walikuwa na utaratibu wa ijaza: mwanafunzi aliyehitimu hupewa ruhusa ya kufundisha, na ruhusa hiyo hutaja sheikh wake, na sheikh wa sheikh wake. Kumtaja mwalimu hakumpunguzii mwanafunzi heshima, ndiko kunakompa. Kwa nini basi sisi, warithi wao, twaona haya kuandika chini ya nukuu zetu, "Haya nimeyapata kwa fulani"?

TUNAYODAI

Hatupendi kulalamika na kuondoka. Twadai mambo matano, nayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, kila kazi ibebe jina la aliyeifanya. Chati, zoezi, tafsiri, mtihani wa majaribio: jina liandikwe, na anayeondoa jina la mwenzake ahesabiwe kuwa mwizi.

Pili, mkuu awe wa kwanza kukiri kosa. Akisema mbele ya kikao, "Jambo hili nililikosea," atakuwa amefungua milango kuliko semina kumi.

Tatu, ratiba iwe na saa ya watu kutembeleana darasani, mkongwe kwa kijana na kijana kwa mkongwe, bila fomu ya kupeana maksi. Ujuzi mwingine hauandikiki. Huonekana mkono ukiwa kazini.

Nne, anayefundisha wenzake asipoteze nafasi yake kwa kuwafundisha. Kijana akiwa hodari, mkongwe aliyemlea apandishwe, asisukumwe nje.

Tano, taasisi iwe na daftari, na daftari hilo liwe mahali ambapo hata mdogo kabisa anaweza kulifungua. Kompyuta ni njema, lakini kompyuta isiyoaminiwa ni kabati jingine lenye kufuli.

LUGHA NAYO HUAMINIWA

Tumalizie kwa jambo linalotugusa sisi wenyewe hapa Mengo. Katika miaka ya 1870 na 1880 Kiswahili kilizungumzwa katika kasri la Kabaka, na wasomaji wa kwanza wa Buganda walianza kusoma kwa lugha hiyo. Lakini mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa alipinga kwa maandishi mpango wa serikali ya kikoloni wa kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya wenyeji. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na kwa raia wengi Kiswahili kikawa sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabarani. Amri ilitolewa; moyo haukufuata. Mwaka 2005 katiba ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima mashuleni. Twafurahi. Lakini tusijidanganye. Yale yaliyoyapata maarifa makazini ndiyo yaliyoipata lugha yetu nchini: ilitakwa kwa amri mahali ambapo ilipasa kuombwa kwa heshima. Mtoto wa Kiganda atakipenda Kiswahili siku atakapoona kwamba mwalimu wa Kiswahili anakithamini Kiganda chake, kama alivyofanya yule mzee kwa chati yake.

Msomaji huenda anataka kujua tulimjibu nini. Alipotuuliza litaandikwa jina la nani, tulinyamaza kwanza, kwa sababu tulikumbuka tulivyoitikia kwa vichwa katika kikao kile. Kisha tukamwambia, "Lako, Mwalimu. Nasi tutaliandika mbele yako." Akaingia ndani, akatoka na mkoba. Mkoba ulikuwa na mambo mengi kuliko chati.

Leo chati hiyo imetundikwa ukutani, na jina liko chini yake kwa wino mwekundu. Kijana anayefundisha darasani mle ameongeza safu moja aliyoigundua mwenyewe, na jina lake nalo limeandikwa chini ya la mzee. Bado pana nafasi chini ya majina hayo mawili.